Mkopo wa sola: nani hasa atakopeshwa Mji wa Kale?

UZI. Ndugu zangu, mjadala wa bei ya stima ukichacha tu, lazima atokee mtu aseme: "Serikali iwakopeshe wenye nyumba waweke sola ya kupasha maji." Makofi. Haya, tulitazame bila kutaja chama wala mtu.

Wazo si geni. Kanuni za 2012 zilitaka jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku liwe na mtambo wa sola. Majengo ya zamani yakapewa miaka 5. Amri ilikuwepo, pesa je? Jitafutie. Ndipo wanaotetea mkopo wanapopata hoja, na hapo wana haki.

Tena umefanywa kwingine. Tunisia tangu 2005 wana mpango wa PROSOL: benki inakopesha, deni linakatwa kidogo kidogo kwenye bili ya stima kwa miaka 5. Benki haihangaiki kumsaka mdaiwa.

Sasa ulete kisiwani kwetu uone.

Benki itataka dhamana. Mombasa tuna kitu kinaitwa nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwengine au cha wakfu, kila mwezi walipa kodi ya ardhi. Hati utatoa wapi? Na Kibokoni au Kuze, nyumba nyingi ni za mirathi. Ndugu saba, wawili wako Oman, mmoja hasemi na wenziwe. Nani atatia sahihi?

Halafu riba. Anayeahidi mkopo Mombasa na asitaje riba, mimi naona hajatufikiria. Njia ipo: benki za Kiislamu ziko Kenya tangu 2008, na kwa murabaha benki hununua mtambo, ikakuuzia kwa bei iliyo wazi, ukalipa kwa awamu. Lakini lazima iandikwe kwenye mpango tangu mwanzo.

Paa nalo lina mwenyewe wa pili. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi tangu 1990, hujipandishii tangi juu ya nyumba kama uko Nyali. Na maji yenyewe? Wengi twategemea visima, maji ya chumvi, na chumvi hula chuma. Mtambo unaostahimili hayo bei yake ni nyengine.

Wengine watasema joto lote hili, maji moto ya nini? Waulizeni wenye gesti na wenye wazee nyumbani.

Linalonikera zaidi ni la mpangaji. Mwenye nyumba ndiye atakayekopeshwa, mpangaji ndiye anunuaye tokeni. Mtambo ukiwekwa, bili inashuka kwa mpangaji, deni linabaki kwa mwenye nyumba. Atafanyaje? Atapandisha kodi. Mkisikia ahadi hii jukwaani, ulizeni hilo kwanza, kabla ya makofi.