Utelezi wa Kakao, Doa la Mawese

Mkulima wa kakao wa Ipinda, wilayani Kyela, akishapasua tunda hukutana na kero ileile kila msimu: punje zimeshikamana ndani ya utelezi mweupe, mtamu, unaonata vidoleni. Kuzisugua moja moja ni kupoteza siku. Basi huzilundika kwenye sanduku la mbao, huzifunika kwa majani ya migomba, na kazi hubaki kwa vijidudu.

Hamira za asili ndizo hutangulia. Hula sukari na kutoa kilevi, na baadhi yake hutoa pektinasi, kimeng'enya kinachokata pektini, ile gundi inayoupa utelezi uzito wake. Gundi ikikatika, majimaji huchuruzika na hewa hupenya katikati ya punje. Hapo bakteria wa siki hushika zamu: hugeuza kilevi kuwa asidi, na lundo hupata joto la nyuzi 45 hadi 50 za Selsiasi. Kiini cha mbegu hufa, na ladha ya chokoleti huanza kujijenga. Baada ya siku 5 au 6 hivi za kugeuzwageuzwa, punje huenda kuanikwa.

Vijidudu hivyo havikuundwa na mtu. Hutoka kwenye majani, mikono, masanduku na nzi, ndiyo maana lundo la leo huweza kutofautiana na la jana.

Wataalamu wa maabara wameamua kutosubiri bahati: hukipa kijidudu jeni wanayoitaka. Mwaka 1988 kampuni ya Novo ya Denmark iliingiza sokoni Lipolase, kimeng'enya cha kukata mafuta kwenye nguo. Jeni yake ilitolewa kwa kuvu mmoja, ikapandikizwa ndani ya Aspergillus oryzae, ukungu ambao Wajapani wameutumia tangu zamani kutengeneza mchuzi wa soya. Ukungu hufugwa kwenye matangi, hutema kimeng'enya, kisha huchujwa na kubaki kiwandani. Kinachotiwa kwenye sabuni ni kimeng'enya peke yake.

Kwa Kyela, wilaya ya michikichi, hilo si jambo la mbali. Doa la mawese kwenye shati halisikii maji baridi hata lisuguliwe vipi. Kimeng'enya cha aina hii hulikatakata vipande ambavyo maji na sabuni huviondoa.

Kukiachia nje kijidudu chenyewe ni habari nyingine. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kuwa bakteria wa kula mafuta ghafi aliyeundwa na mwanasayansi Ananda Chakrabarty anaweza kupewa hataza, lakini hakupelekwa baharini kusafisha mafuta yaliyomwagika. Ilikuwa tahadhari ya haki: kimeng'enya huharibika kikaisha, kijidudu huzaana.

Ukinunua sabuni ya unga, soma viambato vyake. Ikiwa ina vimeng'enya, loweka nguo kwanza kwenye maji ya kawaida au ya uvuguvugu. Maji yanayochemka huviharibu kabla havijaanza kazi.