Spika ndefu: Wati za katoni si wati za sauti

KATONI nyingi za spika ndefu za bei nafuu huandikwa namba za kutisha: wati 5,000, wati 10,000 na hata zaidi. Kwa mnunuzi wa Mwanza, awe na sebule Nyegezi au banda la video Igoma, kuchagua kwa namba hizo ni njia ya haraka ya kupoteza fedha.

Namba hizo aghalabu hufuatwa na herufi PMPO, yaani nguvu ya kufumba na kufumbua, ambayo viwanda havina njia moja ya kuipima. Kipimo cha kutegemewa ni RMS, nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa mfululizo.

Ukaguzi wake ni rahisi. Spika yenye amplifaya ndani huwa na kibandiko nyuma kinachoonyesha umeme inaotumia. Kikisomeka wati 80, spika hiyo haiwezi kutoa mfululizo zaidi ya wati 80, hata katoni iseme nini.

Kwa spika zinazotegemea amplifaya ya pembeni, zitazamwe namba mbili. Ya kwanza ni desibeli zinazotolewa kwa wati 1, zikipimwa umbali wa meta 1. Spika ya desibeli 90 huhitaji nusu tu ya nguvu inayohitajiwa na ile ya desibeli 87 kutoa sauti sawa. Ya pili ni omu. Amplifaya ya spika za omu 8 ikifungiwa spika za omu 4 huelemewa, hupata joto na inaweza kuungua.

Umbo nalo likaguliwe. Sanduku jepesi linalotetemeka huharibu besi. Mbao za unga uliogandamizwa huvimba zikipata unyevu, hivyo kingo za chini na za nyuma ziwe zimefunikwa vizuri. Ukingo wa wufa ukiwa wa mpira hudumu kuliko wa sponji, ambao huchakaa na kumeguka.

Kwa muziki pekee, spika ndefu mbili nzuri zinatosha. Sinema huhitaji pia spika ya katikati, inayobeba mazungumzo, na sabufa kwa mishindo. Mwenye fedha kidogo ni afadhali aanze na mbili nzuri kuliko seti nzima dhaifu. Lakini akikusudia kuongeza baadaye, anunue amplifaya yenye nafasi ya spika 5 tangu mwanzo.

Mfanyabiashara naye ana hesabu yake. Seti yenye amplifaya ndani ya sabufa hunyamaza yote amplifaya ikifa. Spika na amplifaya zilizotengana hutengenezwa au kubadilishwa kimoja kimoja, na mteja hurudi kununua badala ya kurudisha.

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, mzigo wa Sengerema na Geita hausubiri tena kivuko cha Kigongo–Busisi. Safari ikiwa fupi kwa mzigo, ni fupi pia kwa mteja mwenye malalamiko.

Kabla ya kulipa, spika ziwashwe dukani kwa wimbo anaoujua mnunuzi, kwanza kwa sauti ya chini, kisha ya juu. Zikikwaruza, zirudi rafuni. Zikipita, idaiwe risiti ya mashine ya EFD pamoja na maandishi ya dhamana.