Majina Yanayofanana Katika Siasa: Je, Ni Udugu?

Msafiri atokaye katikati ya mji wa Nairobi na kushika Barabara ya Jogoo kwenda upande wa mashariki hupita karibu na mitaa mingi ijulikanayo sana: Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Mbotela, Maringo, Ofafa, Jericho na Jerusalem. Baadhi ya majina hayo yalichukuliwa katika Biblia. Mengine mawili, Mbotela na Ofafa, ni majina ya watu waliokuwa na damu na nyama, waliotembea katika mitaa hiyo hiyo na kufanya kazi za watu wote.

Marehemu Tom Mbotela aliwahi kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU. Aliuawa mwezi wa Novemba 1952, mwezi mmoja tu baada ya kutangazwa Hali ya Hatari. Marehemu Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa Nairobi na kiongozi katika Luo Union, naye pia aliuawa katika miaka hiyo ya taabu. Majina yao yakapewa nyumba za wafanyakazi, na leo wako vijana wengi ambao kwao Mbotela ni mahali pa kushukia matatu, wala hawajui kuwa palikuwa na mtu.

Lakini jina la Mbotela halikuishia kwenye kibao cha mtaa. Mwalimu James Juma Mbotela aliandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa, kilichotolewa mwaka 1934. Naye Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji mashuhuri wa redio ya serikali, aliwauliza Wakenya kwa muda wa zaidi ya miaka 50 kama matendo yao yalikuwa ya uungwana, naye alifariki mwezi wa Februari 2025. Watu hao ni wa ukoo mmoja, na chimbuko lake ni Freretown karibu na Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Basi hapa jina moja lilikuwa alama ya udugu wa kweli.

Je, ni hivyo siku zote? Swali hili si la mchezo. Kila baada ya miaka mitano mpiga kura hukabidhiwa karatasi yenye majina mengi, na mara nyingi hukutana na jina ambalo amekwisha kulisikia. Moyo wake humwambia, “Huyu ni wa nyumba fulani.” Huenda ni kweli. Huenda pia ni jina tu.

MARAIS WA MAREKANI

Nchi ya Marekani ni mahali pazuri pa kulichungua jambo hili, kwa sababu watu wake hurithishana jina la ukoo kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na kumbukumbu zao zimeandikwa tangu zamani.

John Adams alikuwa rais wa pili wa nchi hiyo, na mwanawe John Quincy Adams akawa rais wa sita. William Henry Harrison alikuwa rais wa tisa, na mjukuu wake Benjamin Harrison akawa wa ishirini na tatu. George Bush, baba, alitawala tangu mwaka 1989 hadi 1993, George W. Bush, mwana, akatawala tangu 2001 hadi 2009. Theodore Roosevelt na Franklin Roosevelt walikuwa wa ukoo mmoja, ingawa udugu wao ulikuwa wa mbali sana. Bibi Eleanor, mkewe Franklin, alikuwa karibu zaidi na Theodore kwa damu kuliko mumewe, kwani alikuwa binti wa ndugu yake Theodore.

Sasa mtazame Andrew Johnson na Lyndon Johnson. Wa kwanza alizaliwa mwaka 1808, wa pili mwaka 1908. Kila mmoja alikuwa makamu wa rais, na kila mmoja alishika urais baada ya rais wake kuuawa kwa risasi: Lincoln mwaka 1865 na Kennedy mwaka 1963. Mtu angeweza kuapa kuwa ni babu na mjukuu. Hawakuwa na udugu wowote. Johnson ni jina lililoenea mno huko, na hata Mike Johnson, aliyechaguliwa kuwa Spika mwaka 2023, na Ron Johnson, seneta wa jimbo la Wisconsin, si ndugu.

Vivyo hivyo, John Kennedy aliyeingia katika Seneti mwaka 2017 akitoka jimbo la Louisiana si mtu wa nyumba ya Rais Kennedy, ijapokuwa majina yao mawili ni yale yale. Na katika Seneti hiyo hiyo walikutana Tim Scott wa South Carolina na Rick Scott wa Florida, mmoja mtu mweusi na mwingine mzungu. Jambo hili lina historia yake. Wakati wa utumwa Waafrika wengi walipotezewa majina ya kwao, na walipopata uhuru walichukua majina ya Kiingereza yaliyotumika mahali walipokuwa, mara nyingine yale ya mabwana waliowamiliki. Kwa hiyo jina moja laweza kubebwa na wajukuu wa mtumwa na wajukuu wa bwana wake. Ukoo wa Mbotela wa Freretown ulikuwa na bahati nyingine: ulitoka utumwani ukiwa bado na jina la Kiafrika.

DESTURI ZA KWETU

Kwa Waafrika wengi wa Kenya jina la ukoo ni jambo lililokuja na kipande, ubatizo na daftari la shule. Karani aliuliza, “Jina la pili?” na jibu lililotolewa siku ile likawa jina la watoto wote watakaofuata. Kabla ya hapo kila kabila lilikuwa na utaratibu wake.

Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Majina hurudi kila baada ya kizazi, na kwa sababu hiyo kina Kamau na kina Njoroge ni wengi kama mchanga. Jina la Mwangi zaidi ya hayo lilikuwa jina la rika zima lililoshika utawala wa nchi zamani. Hivyo asishangae mtu kuona kuwa katika uchaguzi wa mwaka 2022 majirani wawili wa Eastlands walichagua wabunge wenye jina hilo: James Mwangi Gakuya wa Embakasi Kaskazini, na Benjamin Gathiru Mwangi wa Embakasi ya Kati. Jina hilo peke yake halitoshi kuthibitisha undugu.

Kwa Wajaluo, saa ya kuzaliwa hutoa jina: Otieno ni wa usiku, Omondi ni wa alfajiri, Ochieng' ni wa jua kali, Okoth ni wa wakati wa mvua. Mtu akiita “Otieno!” katika kiwanja cha Kaloleni siku ya mpira, vichwa vingi vitageuka, wala hakuna atakayedai kuwa wote walizaliwa na baba mmoja.

Kwa Wakalenjin, neno “arap” maana yake ni mwana wa fulani. Kipruto ni mtoto aliyezaliwa safarini, na mwanawe huweza kuitwa arap Ruto. Kwa sababu hiyo Wakenya walikuwa na akina Ruto wawili mashuhuri kwa wakati mmoja. Isaac Ruto alichaguliwa kuwa Gavana wa Bomet mwaka 2013 na akawa mwenyekiti wa kwanza wa Baraza la Magavana. William Ruto alikuwa Naibu wa Rais wakati huo huo, kisha akachaguliwa kuwa Rais mwaka 2022. Si ndugu wa tumbo moja, na katika mabishano juu ya fedha za kaunti mara nyingi walisimama pande mbili mbalimbali.

NDUGU WASIOFANANA MAJINA

Liko jambo jingine linalowapotosha watu zaidi, nalo ni udugu uliofichwa na majina tofauti. Hayati Jaramogi Oginga Odinga, Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya, alikuwa na wana walioingia katika siasa. Mmoja alijulikana kwa jina la Raila Odinga, Waziri Mkuu tangu mwaka 2008 hadi 2013, aliyefariki Oktoba 2025. Mkubwa wake alijulikana miaka mingi kwa jina la Oburu Oginga. Baba ni yule yule. Kila mmoja alishika jina lake katika majina ya mzee.

Hayati Tom Mboya, ambaye wakazi wa Eastlands walimpeleka bungeni, alikuwa mwana wa Mzee Leonard Ndiege wa Rusinga. Ndugu yake, Alphonse Okuku, aliingia katika siasa pia, na mgeni asingeweza kuutambua udugu wao kwa majina. Wakati huo huo palikuwa na Chifu Paul Mboya wa Karachuonyo, mtu mwenye sifa kubwa na mwandishi wa kitabu juu ya desturi za Wajaluo. Wengi waliosikia majina yao waliwadhania kuwa wa nyumba moja, nao hawakuwa.

Jina la Kenyatta halikurithiwa kwa babu yeyote. Mzee alizaliwa Kamau, mwana wa Muigai, akalelewa na Ngengi, ndugu ya baba yake. Hilo la Kenyatta alilichukua mwenyewe ukubwani, alipokuwa akifanya kazi katika Manispaa ya Nairobi. Lakini likaanza kurithiwa. Binti yake, Bibi Margaret Wambui Kenyatta, alikuwa Meya wa Nairobi tangu mwaka 1970 hadi 1976, na mwanawe Uhuru Muigai Kenyatta akawa Rais tangu 2013 hadi 2022. Tazama jinsi desturi mbili zilivyokaa katika jina moja: Wambui ni jina la mama yake Mzee, na Muigai ni jina la baba yake, kama mila itakavyo, na Kenyatta ni la ukoo, kama fomu za serikali zitakavyo.

JINA NA KURA

Je, jina kubwa humpa mtu ushindi? Mara nyingine humfungulia mlango. Marehemu David Mwenje aliiwakilisha Embakasi bungeni zamani, wakati jimbo hilo lilipokuwa moja tena kubwa mno. Baadaye likagawanywa mara tano, na mwaka 2022 mwanawe, Mark Mwenje, akachaguliwa kuwa Mbunge wa Embakasi Magharibi. Wahenga walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya siasa huijua kazi hiyo kabla hajaianza, na watu humjua kabla hajajitambulisha.

Hata hivyo mlango uliofunguliwa waweza kufungwa. Mwaka 1997 Uhuru Kenyatta aligombea kiti cha Gatundu Kusini, nyumbani kwa baba yake hasa, akashindwa na mtu ambaye jina lake halikuwa na sifa nchini. Mwaka 2002 alishindwa tena, safari hii katika mbio za urais, na Bw. Mwai Kibaki. Ilimbidi kujenga jina lake mwenyewe juu ya lile la baba. Huko Marekani, Joseph Kennedy wa kizazi cha karibuni aligombea Useneti wa Massachusetts mwaka 2020, mahali ambapo jina hilo lilikuwa kama mali ya watu wa jimbo, akashindwa katika kura ya chama.

Habari ya jina la Obama inatosha kuwa fundisho. Kwa asili Obama lilikuwa jina la mzee mmoja wa Nyanza. Mwanawe aliitwa Onyango, na mtoto wa Onyango aliitwa Barack, ambaye alikwenda Hawaii kusoma mwaka 1959. Huko desturi ya Kizungu ikalifanya jina la babu kuwa jina la ukoo, na mwanawe Barack akalichukua mpaka Ikulu ya Marekani, alikokaa tangu mwaka 2009 hadi 2017. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2013, kaka yake Malik Obama aligombea ugavana wa Siaya. Duniani kote halikuwako jina lililojulikana kuliko hilo, lakini wapiga kura wa Siaya walimtazama mgombea, wakampa kiti mtu mwingine.

Watu wa Siaya walitenda kama watendavyo wanunuzi wenye akili katika soko la Burma: hawakununua gunia kwa maandishi yaliyo juu yake, walilifungua kwanza. Mkulima hupima mbegu kabla ya kuipanda, na karani mwema hasaini hati kwa sababu tu jina lililo chini yake analijua. Karatasi ya kura yastahili uangalifu kama huo. Mgombea mwenye jina la mtu mkuu na aulizwe yeye mwenyewe amefanya nini: amechimba mfereji gani, amesimamia shule gani, fedha alizokabidhiwa zilikwenda wapi. Na asiye na jina aulizwe maswali hayo hayo.

Tom Mbotela na Ambrose Ofafa hawakuwa wana wa watawala. Mitaa ilipewa majina yao kwa ajili ya kazi waliyoifanya na namna walivyokufa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.