Mbwa mdogo katika joto la Riyadh

Mwezi Julai mwaka 2008, polisi wa kidini mjini Riyadh, Saudi Arabia, walipiga marufuku uuzaji wa mbwa na paka na kutembea nao hadharani, wakidai kuwa vijana wa kiume huwatumia kuwachokoza wanawake. Jeddah ilikuwa na marufuku kama hiyo tangu mwaka 2006, ingawa haikutekelezwa kwa nguvu. Mwaka 2016 polisi hao walinyang'anywa mamlaka ya kukamata watu. Kwa anayefuga mbwa katika mtaa wa Al-Suwaidi au kwingineko mjini humo, tatizo ambalo halijaondoka ni joto.

Mara nyingi anayemhudumia mbwa huyo si mwenye nyumba bali mfanyakazi wa nyumbani, na miongoni mwao wamo Wakenya na Waganda wengi. Ni vyema basi kumjua mnyama mwenyewe. Yorkshire terrier ana uzito wa takriban kilo 3 tu, lakini si mwanasesere. Wafumaji wa kaskazini mwa Uingereza katika karne ya 19 walimfuga ili kuwinda panya viwandani, na hadi leo hubweka kila mlango unapogongwa na huthubutu kumkabili mbwa aliyemzidi mara kumi.

Kamba yake ifungwe kifuani, si shingoni, kwani bomba lake la hewa ni laini na huweza kubonyea. Nywele zake hukua kama za binadamu na huhitaji kuchanwa kila siku. Mtoto wake asikae saa nyingi bila chakula: sukari hupungua mwilini, akatetemeka na hata kufa. Zabibu, vitunguu na chokoleti ni sumu kwake.

Mwislamu wa pwani anayefuata madhehebu ya Imam Shafi ana jambo jingine: chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Atenge bakuli na nguo za kazi, na amweleze mwajiri mapema.

Wakati wa kiangazi joto la Riyadh hupita nyuzi 40. Weka mgongo wa mkono juu ya lami. Ukishindwa kuustahimili, mbwa asitoke. Akihema kwa kasi na kuyumba, mloweshe kwa maji ya kawaida kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo. Mwenye nyumba apigiwe simu papo hapo, si kungojwa hadi arudi jioni.