Tarehe ya Kuzaliwa Barafuni

Mwaka 2003, vijana walipokuwa wakigawiwa klabu za NHL, ligi ya hoki ya barafuni, Florida Panthers walijaribu kumchukua Mrusi ambaye hakuwa ametimiza umri. Alexander Ovechkin alizaliwa tarehe 17 Septemba 1985. Kanuni ilimtaka awe na miaka 18 ifikapo tarehe 15 Septemba. Alipungukiwa siku mbili. Florida wakadai kwamba ukizihesabu siku za ziada za miaka mirefu, kijana ameshatimiza. Ligi ikakataa, na mwaka uliofuata Washington wakamchagua wa kwanza kabisa.

Katika jamii ya hoki ya barafuni, hasa Kanada, hoja kama hiyo haimshangazi mtu sana. Kule umri huhesabiwa kwa miezi tangu mtoto anapovalishwa viatu vya kuteleza akiwa na miaka minne au mitano. Makundi ya watoto hufuata mwaka wa kalenda, kwa hiyo wa Januari na wa Desemba huingia pamoja, ingawa mmoja amemtangulia mwenzake kwa karibu mwaka mzima. Wakiwa na miaka tisa, tofauti hiyo ni kimo, nguvu na kasi. Mkubwa huchukuliwa timu teule, akapata kocha bora na mechi ngumu. Mdogo hubaki timu ya mtaa, na miaka ikipita watu husema hakujaliwa kipaji. Mwanasaikolojia Roger Barnsley alianza kulichunguza jambo hili miaka ya 1980, baada ya mkewe, Paula, kuona katika kijitabu cha mechi huko Lethbridge, Alberta, jinsi wachezaji wa Januari, Februari na Machi walivyojaa.

Akifika miaka 16 hivi, kijana mwenye kipaji huhama kwao. Hupokewa na familia ya wenyeji katika mji wa timu yake mpya, akala mezani kwao na kusoma shule ya hapo. Wakati huo wapenzi wa ligi za fantasi, ambamo mtu huunda timu yake ya kubuni kwa wachezaji halisi, huwa wameshaanza kumfuatilia, maana katika ligi za muda mrefu mtu humchagua kijana leo na kumshikilia kwa miaka.

Wanaoijua kazi hiyo huuliza tarehe ya kuzaliwa kabla ya mabao. Mwaka 2015 Connor McDavid alichaguliwa wa kwanza na Jack Eichel wa pili, lakini Eichel ni wa Oktoba 1996 na McDavid wa Januari 1997. Auston Matthews, aliyezaliwa tarehe 17 Septemba 1997, aliukosa uchaguzi wa mwaka huo kwa siku mbili, kama Ovechkin. Akaenda Zürich kucheza na watu wazima, akachaguliwa wa kwanza mwaka 2016, na katika mechi yake ya kwanza NHL akafunga mabao manne. Takwimu za kijana kama huyo haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na za mwenzake aliye mdogo kwa miezi kumi.

Mwaka 2013, Robert Deaner na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Wakanada waliochaguliwa NHL: waliozaliwa nusu ya pili ya mwaka walifanya vizuri kuliko nafasi walizopewa. Jambo hili linaniuma. Watu wanaolipwa kupima vipaji walikuwa wakiwapunja watoto kwa sababu ya mwezi waliozaliwa. Jamie Benn, wa Julai 1989, alisubiri hadi raundi ya tano mwaka 2007. Katika msimu wa 2014/15 akaongoza NHL nzima kwa pointi.

Nafasi anayocheza kijana nayo hubadilisha hesabu ya umri: mabeki huchelewa kukomaa kuliko washambuliaji, na makipa huchelewa zaidi. Tim Thomas alichaguliwa wa 217 mwaka 1994, akazunguka timu mbalimbali kwa miaka mingi, zikiwemo za Finland na Sweden, na akalishika lango la Boston akiwa amevuka miaka 30. Mwaka 2011, akiwa na miaka 37, alitwaa Kombe la Stanley na tuzo ya kipa bora.