Bati Jeusi na Joto la Hombolo

Kadiri jiji la Dodoma linavyozidi kutanuka, ndivyo wajenzi wapya wa Hombolo wanavyozidi kuniuliza swali lile lile: ni bati la rangi gani lisilovuta joto? Na aulizaye aghalabu huwa amekwisha kujijibu moyoni, kwamba ni lile jeusi au la kahawia iliyokoza, la geji nene, alilosifiwa dukani kuwa ni baridi kwa kuwa halimetimeti kama bati tupu la zamani.

Dhana hiyo ni batili tangu mwanzo hata mwisho. Kumetameta kwa bati ndiko kuirudisha nuru ya jua ilikotoka. Ama jeusi, halimeti kwa sababu limeimeza nuru ile, na nuru iliyokwisha kumezwa haina budi kugeuka joto, likashuka darini na kuwaangukia waliomo ndani. Wala unene haufai kitu, maana tofauti baina ya geji 28 na geji 30 haifiki hata robo ya milimita, na chuma hupitisha joto mara moja. Bati tupu nalo lina aibu yake, kwamba joto dogo liingialo hukawia kulitoa. Lililopakwa rangi nyeupe ndilo bora, kwani hurudisha nuru nyingi na joto lililosalia hulitoa upesi. Asiyesadiki na apande ngazi saa tisa alasiri mwezi wa Oktoba, mwezi ambao jua la adhuhuri hutupitia utosini na paa likapigwa kuliko ukuta wowote, aushike ubao wa dari kwa upande wa juu chini ya bati jeusi, kisha aende akaushike chini ya jeupe, hatahitaji kipimo.

Wagogo walilijua jambo hili kabla yetu, wakaliezeka tembe kwa magogo na udongo mnene, ambao hukawia kushika joto hata jua likachwa na usiku wetu mkavu ukaupoza. Nami husikitika sana nimwonapo mtu akilidharau tembe kuwa ni nyumba ya kimaskini, ilhali yeye mwenyewe joto limemtoa chumbani akalale uani. Wala sina subira na yule akataye mgunga mpana uliosimama magharibi ya kiwanja, eti unaleta nyoka, akapanda miashoki iliyonyooka kama askari gwarideni, isiyo na kivuli cha kumtosha hata kuku, kisha akausakafia uwanja wote kwa saruji.

Basi aliyekwisha kuezeka jeusi na alipake jeupe, aache matundu yenye wavu kati ya dari na bati ili hewa ipite. Asiyeanza na azielekeze pande ndefu za nyumba kaskazini na kusini, madirisha yawe huko. Magharibi apande mwarobaini au mkwaju, mbali kidogo na msingi, aumwagilie kiangazi hata ushike mizizi. Feni asiitegemee, maana hupoza ngozi, si chumba. Na madirisha ayafunge tangu saa nne asubuhi, ayafungue jua likichwa, ili upepo wa usiku uzipoze kuta.