Tuukate Mlima kwa Adabu

Kila masika yanapopita, sururu huanza kulia miguuni mwa milima ya Uluguru. Mji wa Morogoro unapanda mlima, na wanaojenga huko hatuwalaumu, maana kila mtu anahitaji mahali pa kulaza wanawe. Tunalotaka kulisema leo linahusu kazi inayotangulia msingi, yaani kukata na kusawazisha ardhi.

Desturi ni kukata upande wa juu wa kiwanja na kuumwaga udongo upande wa chini, mpaka pawe tambarare. Kwa macho, kazi imekwisha. Kumbe nusu ya nyumba itasimama juu ya ardhi iliyotulia tangu enzi, na nusu juu ya kifusi cha juma lililopita! Mvua zikinyesha, kifusi hutitia, na ukuta hupasuka pale pale pande mbili zinapokutana. Anayejaza udongo hana budi kwanza kuondoa majani, mizizi na mboji. Kisha ajaze tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi kama sentimita 20, ikinyunyiziwa maji na kushindiliwa barabara kabla ya nyingine kufuata.

Mlima huu umekwisha kutoa ushahidi wake. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, ikawashurutisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Julai 1955 wananchi walikusanyika Matombo kuyapinga. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Wakulima wale walikuwa na hoja. Udongo wenye rutuba ulikuwa mwembamba, na ngazi zilifukua udongo wa chini usiozaa. Tena ngazi hutuamisha maji, na maji yakizama katika mteremko mkali huilegeza ardhi.

Tarehe 23 Februari 1970, Mgeta ilipata mvua ya milimita 100 hivi katika muda usiotimia saa tatu. Maporomoko ya udongo yalizidi 1,000, karibu yote mashambani na penye majani matupu. Ndani ya msitu yalikuwa machache mno. Mizizi ya miti ndiyo iliyoshika ardhi, mizizi ile ile ambayo leo fundi huing'oa siku ya kwanza ili apate nafasi.

Kwa hiyo mfereji wa kukinga maji uchimbwe juu ya mkato kabla ya mkato wenyewe, na ukuta wa kuzuia udongo uachiwe matundu ya kupitishia maji. Tungependa pia wakaguzi wa Manispaa wafike kiwanjani wakati shimo lingali wazi, wasingoje boma lifike kwenye linta, kwani hapo kifusi kimekwisha kufichwa na sakafu. Na jirani wa chini naye aulizwe mapema: maji ya mfereji huo yatapita kwake.